Namba Zina Mlinzi, Maneno Hayana

Somo la mwezi huu: hesabu, simu na barua za Ubelgiji



Mwaka wangu wa kwanza hapa Brussels nilipata barua ya randevu. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa hiyo Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikaipiga picha ile barua, programu ya simu ikanitafsiria: "Tunakusubiri Alhamisi saa 9." Siku ilipofika nilipiga shati pasi, nikatangulia nusu saa, nikafika mlangoni saa nane na nusu mchana. Nilikuta pamefungwa.

Barua yenyewe iliandika "à 9 h". Saa tisa yao ni saa tatu asubuhi yetu. Randevu nyingine niliipata baada ya wiki saba, na wiki zote hizo mdogo wangu alikaa nyumbani bila kuandikishwa shule, kwa sababu faili letu lilikuwa linasubiri mimi nifike.

Leo ninakaa upande wa pili wa meza, na kosa lile lile linaingia ofisini likiwa na sura mpya. Simu zimekuwa hodari kuliko wakati wangu. Ndani yake mna kitu kinachoitwa akili mnemba. Wengine husema akili unde. Inasoma barua, inaandika barua, hata inajibu maswali. Siwezi kukuambia usiitumie, maana mimi mwenyewe naitumia kila siku. Nataka ujue inafanyaje kazi, ili ujue ni wapi pa kuiamini na ni wapi pa kusimama.

Katika somo hili utajifunza mambo matatu: kubadili saa bila kukosea, kuelewa namba ndefu za bili na kitambulisho, na kujua kwa nini mashine hukosea maneno yetu. Mwishoni kuna sehemu ya vijana na watu wazima wenye shahada, na mazoezi ya kufanya nyumbani.

1. Hesabu ya saa

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wazungu wanaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, basi. Chukua saa iliyoandikwa kwenye barua, toa 6. Ukipata zaidi ya 12, toa 12 tena. Ukipata sifuri au chini ya sifuri, ongeza 12.

- 9 h: 9 toa 6 ni 3. Saa tatu asubuhi.
- 14 h 30: 14 toa 6 ni 8. Saa nane na nusu mchana.
- 20 h: 20 toa 6 ni 14, toa 12 ni 2. Saa mbili usiku.
- 6 h: 6 toa 6 ni 0, ongeza 12 ni 12. Saa kumi na mbili asubuhi.

Angalia jambo moja. Barua ikisema 14 h, huwezi kudanganyika, kwa sababu sisi hatuna saa ya kumi na nne. Hatari iko kwenye namba za 1 hadi 12, na randevu nyingi za asubuhi ziko hapo hapo: 8 h, 9 h, 10 h, 11 h. Mashine ikiandika "saa 9", haikukosea namba. Imekosea kutojua kwamba anayesoma anahesabu kutoka jua kuchomoza.

Ulichofanya hapa wanahisabati wanakiita hesabu ya mzunguko: namba zinatembea, zikifika mwisho zinarudi mwanzo, kama mshale wa saa. Ni hesabu hiyo hiyo inayolinda pesa yako benki. Twende huko.

2. Mlinzi anayeitwa 97

Chukua bili yoyote ya Ubelgiji, ya umeme, maji au shule. Karibu na kiasi cha kulipa utaona namba ndefu kati ya alama za kujumlisha, yenye tarakimu 12. Mara nyingi juu yake pameandikwa "communication structurée". Namba hiyo ndiyo inayomwambia mpokeaji kwamba pesa imetoka kwako na ni ya bili ipi.

Tarakimu 10 za kwanza ni namba ya bili. Mbili za mwisho ni mlinzi. Mlinzi anapatikana hivi: gawanya zile 10 kwa 97, uangalie baki. Baki hilo ndilo linaloandikwa mwishoni. (Likiwa sifuri, wanaandika 97.) Ni saa ile ile tuliyoiona juu, ila badala ya kuwa na masaa 12, hii ina masaa 97.

Mfano. Namba ya bili ni 0123456789. Ukigawanya 123,456,789 kwa 97, unapata 1,272,750 na baki 39. Kwa hiyo kwenye bili wataandika:

+++012/3456/78939+++

Sasa tuseme umechoka, umetoka kazini usiku, ukageuza tarakimu mbili: badala ya 789 ukaandika 798. Baki la namba mpya ni 48, lakini mwishoni umeandika 39. Programu ya benki inaona havilingani na inakataa kabla pesa haijatoka. Walichagua 97 kwa sababu ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe, na ndiyo kubwa kuliko zote zenye tarakimu mbili. Ukikosea tarakimu moja kati ya zile 10, au ukigeuza mbili zilizo jirani, baki halitalingana kamwe.

Namba yako ya kitaifa, ile yenye tarakimu 11 kwenye kitambulisho, ina mlinzi huyo huyo. Kwa kawaida sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tatu zinazofuata ni za kukutofautisha na wengine waliozaliwa siku hiyo, na mbili za mwisho zinatokana na hesabu ya 97. Wengi wetu tulizaliwa "Januari 1" kwa sababu karani wa kambi hakuwa na muda wa kuuliza. Ukiangalia namba yako utaona kosa hilo limekufuata mpaka Ulaya. Kama tarehe si sahihi na una karatasi za kuthibitisha, njoo tuzungumze mapema.

Lakini usimpe mlinzi huyu kazi isiyo yake. Anakuambia tu kwamba namba haikukosewa kuandikwa. Hawezi kukuambia kama bili ni ya kweli. Mwizi naye anajua kugawanya kwa 97. Ujumbe ukikuambia ulipe haraka leo leo la sivyo utakatiwa umeme, usilipe kwanza. Linganisha na bili ya zamani au tuonyeshe.

3. Mashine inakisia

Namba, basi, zina mlinzi. Maneno je?

Cheza mchezo huu jioni ukiwa na watoto. Sema "haraka haraka haina..." na unyamaze. Wote watasema "baraka". Sasa sema "jana nilikwenda..." Mmoja atasema sokoni, mwingine shuleni, mwingine kanisani au msikitini. Kwa sentensi ya kwanza umekisia kwa uhakika kwa sababu umeisikia mara elfu. Kwa ya pili umekisia kwa mazoea ya maisha yako.

Programu ya kutafsiri inafanya vivyo hivyo. Wazo ni la zamani: mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi Andrey Markov alihesabu herufi 20,000 katika shairi refu la Pushkin, akaonyesha kwamba herufi inayofuata inategemea iliyotangulia, na kwamba utegemezi huo unaweza kupimwa kwa namba. Mashine za leo zinapima mahusiano ya maneno yote ya sentensi kwa pamoja, kwa mamilioni na mamilioni ya hesabu. Swali lao limebaki lile lile: kwa kadiri ya maandishi niliyowahi kupewa, ni neno gani lina uwezekano mkubwa zaidi kuja hapa?

Kwa hiyo jiulize: zimepewa maandishi ya nani? Google Translate ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Kiswahili kilichojaa kwenye intaneti ni cha magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, cha serikali, cha vitabu. Kiswahili cha Bukavu, Uvira, Goma au Lubumbashi tunakiongea zaidi ya kukiandika, hivyo mashine imekisikia kidogo sana. Mwaka 2020, wakati wa korona, watafiti walipotengeneza mkusanyiko wa tafsiri uitwao TICO-19, walikiweka Kiswahili cha Kongo peke yake, mbali na kile cha pwani. Walijua kwamba mtu anaweza kufa kwa neno lililoeleweka vibaya.

Tazama maneno manne yanayotuletea shida ofisini.

Bibi. Kwetu Kongo "bibi yangu" ni mke wangu. Kwa Kiswahili cha Tanzania ni mama wa baba au wa mama. Mashine itaandika "ma grand-mère". Hebu fikiria faili la kuunganisha familia lenye sentensi hiyo.

Kutumika. Tunasema "natumika hospitali" tukimaanisha ninafanya kazi huko. Kwa Kiswahili cha vitabu, kinachotumika ni chombo: kijiko, gari, dawa.

Ndugu. Anaweza kuwa kaka, dada, binamu, mtu wa kijiji kimoja, hata wewe unayesoma hapa. Mashine lazima ichague moja, na mara nyingi huchagua "frère".

Yeye. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke, Kifaransa kinalazimisha. Ukiandika "yeye ni daktari", mashine ina mazoea ya kumfanya mwanamume. Ukiandika "yeye ni muuguzi", ina mazoea ya kumfanya mwanamke. Imekisia kutokana na maandishi ya wengine. Dada yako daktari haijui.

Na jambo zito kuliko yote ni neno "mtoto wangu". Katika familia zetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, amekula chungu kimoja na wangu, na nikimwita vinginevyo mama yangu angenigombeza. Lakini sheria ya Ubelgiji inatofautisha mtoto uliyemzaa au uliyeasili kisheria na mtoto wa ndugu yako. Ukiandika "nina watoto sita" kwenye fomu moja, na kwenye nyingine "nina watoto wanne na wawili wa marehemu kaka yangu", afisa anaona maneno mawili yasiyopatana. Wewe hukusema uongo mahali popote. Hakuna 97 wa kupiga kengele, maana mashine itatafsiri sentensi zote mbili kwa Kifaransa safi kabisa. Hilo ndilo la kuogopa: tafsiri mbovu ya zamani ulikuwa unaiona kwa macho, ya leo imevaa suti.

4. Namna ya kutumia simu bila kuumia

Kwanza, soma namba kwenye barua yenyewe. Chukua kalamu, piga mstari chini ya kila tarehe, saa na kiasi cha pesa. Usizitoe kwenye tafsiri.

Pili, tafuta maneno haya kwa Kifaransa: "au plus tard le" (isipite tarehe), "délai" (muda uliopewa), "à payer" (ya kulipa), "recours" (rufaa). Ukiona "recours", lete barua siku hiyo hiyo, hata kama huna randevu nasi. Muda wa rufaa hausubiri. Barua ya rekomande nayo usiiache posta. Kutoichukua hakusimamishi muda.

Tatu, unapoandika, tumia sentensi fupi na maneno ya shule: mke wangu, ninafanya kazi, mtoto wa kaka yangu, mama wa baba yangu. Taja jina la mtu badala ya "yeye".

Nne, rudisha tafsiri. Chukua Kifaransa kilichotoka, kigeuze tena kuwa Kiswahili. "Bibi" akirudi kuwa "nyanya", umekamata kosa. Lakini kumbuka kwamba njia hii haikamati yote: saa 9 itakwenda 9 na kurudi 9.

Tano, usiweke kwenye programu ya bure namba yako ya kitaifa, namba ya kadi ya benki, karatasi za hospitali au maelezo ya faili lako la ukimbizi. Hujui yanahifadhiwa wapi. Funika sehemu hizo kwa karatasi kabla ya kupiga picha.

Sita, kitu cha kusaini, cha daktari, cha mahakama au cha familia kinahitaji mtu. Brussels kuna huduma za wakalimani wa kijamii, kama SeTIS Bruxelles na Brussel Onthaal. Sema siku ya kuchukua randevu kwamba unahitaji mkalimani, na useme ni Kiswahili cha wapi. Tafadhali usimtume mtoto wa miaka kumi akamtafsirie mama yake maneno ya daktari. Yeye anajua Kifaransa, lakini mzigo ule si wake.

5. Kwa wenye shahada nyumbani

Katika kila jengo ninalotembelea hapa Koekelberg na Molenbeek kuna mtu aliyesoma hesabu, takwimu, fizikia au kompyuta huko Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi au Kampala, ambaye sasa anasafisha ofisi usiku na kuona aibu kutaja shahada yake. Sehemu hii ni yake.

Umefika mahali ambapo somo lako lina historia. Chuo kikuu cha VUB kilianzisha maabara yake ya akili mnemba mwaka 1983, chini ya Luc Steels. Huko ULB, maabara iitwayo IRIDIA ilijulikana kwa kazi ya Marco Dorigo, aliyetazama jinsi sisimizi wanavyoachiana harufu njiani mpaka wote wakafuata njia fupi. Aligeuza tabia hiyo kuwa hesabu, na njia hiyo hutumika kupanga safari za malori na mitandao ya simu. Vyuo hivyo viwili vina taasisi ya pamoja, FARI, inayoshughulikia akili mnemba kwa faida ya wananchi wa Brussels.

Njia ni hizi. Kwa shahada ya uzamili, chuo chenyewe ndicho kinachopima karatasi zako. VUB ina baadhi ya masomo kwa Kiingereza, ULB kwa sehemu kubwa ni Kifaransa. Kwa kazi, unaweza kuhitaji diploma yako ilinganishwe na ya hapa, kupitia Fédération Wallonie-Bruxelles au NARIC-Vlaanderen. Uliza kwanza kama mkimbizi analipa, na kama diploma iliyopotea vitani ina njia nyingine. Kama unataka kuanza na kozi fupi, MolenGeek iko komini jirani ya Molenbeek tangu 2015, na BeCode inafundisha programu kwa wanaotafuta kazi.

Nawe unayetafuta mada ya utafiti, iko mezani kwako. Nani atahesabu makosa ya mashine katika Kiswahili cha Kivu? Nani atakusanya sentensi elfu moja za randevu, shule na hospitali, akaona ni ngapi zinakosewa saa? Hiyo ni takwimu ya kweli, yenye sampuli, uwezekano na kipimo cha makosa, na profesa wa hapa hawezi kuifanya bila mtu kama wewe. Tangu 2019 watafiti wa Afrika wameungana kwa jina la Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja, kufanya kazi ya namna hiyo kwa lugha zetu. Mashine inakisia kutokana na ilichopewa. Tusipoipa sisi, itaendelea kumwita mke wa mtu nyanya yake.

Kuhusu kuitumia kwenye masomo: iombe ikueleze ulichokosa darasani, ikurekebishie Kifaransa. Usiiache iandike kazi yako wala ikupe majina ya vitabu bila kuvitafuta mwenyewe, maana inaweza kukisia kitabu ambacho hakipo. Na soma kanuni za kitivo chako, kila kimoja kina zake.

Mazoezi

1. Barua inasema "lundi à 8 h 15". Ni saa ngapi kwetu?
2. Mwalimu anakuita "à 16 h". Ni saa ngapi?
3. Kamilisha mlinzi: +++000/0000/200__+++
4. Andika upya ili mashine ielewe: "Bibi yangu anatumika hospitali."
5. Andika orodha ya watu wa nyumbani kwako. Kando ya kila jina andika uhusiano bila kutumia neno ndugu, mtoto wangu, wala mama mkubwa: nani alimzaa nani.

Majibu: (1) Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi. (2) Saa kumi jioni. (3) 200 gawanya kwa 97 ni 2, baki 6, kwa hiyo 06. (4) Mke wangu anafanya kazi hospitalini.

La tano halina jibu langu. Lifanye Jumapili, familia nzima mkiwa mezani, na uilete karatasi hiyo ofisini tutakapofungua faili lako. Kila fomu utakayojaza baadaye, ifuate hiyo karatasi.

Na ukiwa na randevu wiki hii, rudi sasa hivi kwenye barua yako. Toa 6.